Bei Moja kwa Dunia Nzima

Pale mahakamani walimwita Masikio, na hawakumwita hivyo kwa kumdhihaki. Macho yake yaliondoka na surua kabla hajaanza shule. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kesi na hukumu zilizorekodiwa na kuzipiga taipu neno kwa neno. Sikio la kushoto alimpa shahidi, la kulia akaipa kompyuta, iliyokuwa na programu ya kumsomea kwa sauti kila kilichokuwa kwenye skrini. Sauti yenyewe aliiharakisha kiasi kwamba mwenye macho akiisikia alidhani mashine imeharibika. Mkewe aliiita mke mwenzangu.

"Huyu mke mwenzangu domokaya kweli," alisema siku moja alipopita ofisini. "Hata kupumua hapumui."

"Ndiyo maana nakaa naye mchana tu," Masikio akamjibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Programu hiyo ilinunuliwa zamani na wafadhili ambao walishafunga virago. Haikumsumbua hata siku moja, mpaka mahakama ilipobadilisha kompyuta zote. Wenzake walizisifia zile mpya, jinsi zilivyo nyembamba na nyepesi. Ya kwake ilipowashwa, ilikuwa bubu. Programu ya zamani haikupatana na mashine mpya. Lilitakiwa toleo jipya, na bei ya toleo hilo, hata kwa mteja wa miaka mingi, ilikuwa mshahara wake wa miezi kadhaa bila kula wala kulipa kodi ya nyumba.

Akawaandikia wenye programu huko ng'ambo, kwa adabu zote, akiomba wamfikirie. Wakamjibu kwa adabu kumzidi. Bei yetu, walisema, ni moja kwa dunia nzima, kwa kuwa tunaamini katika usawa. Usawa, eti. Mtu anayepata kwa wiki kile ambacho mwenzake anakihangaikia mwaka, wote wawili wanatajiwa bei ile ile, halafu tunaambiwa hakuna aliyeonewa. Afadhali wangemtukana, angejua pa kuanzia kujibu.

Akaenda kwa msajili wa mahakama. Mama msajili hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Mzee wangu, bajeti yote imeishia kwenye kompyuta," alisema. "Na hiyo yako ni kitu binafsi, si ndiyo?"

"Binafsi vipi, mama?"

"Maana inakusaidia wewe peke yako."

"Na hizi skrini, mama? Mimi skrini hainisaidii kitu. Mbona kila meza imewekewa, hata ya kwangu, na hakuna aliyeambiwa akajinunulie?"

Msajili akagongagonga kalamu mezani. "Nitaliangalia," akasema mwishowe. Kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua neno hilo lina uzito gani.

Basi ikabidi atumie toleo la majaribio, lile la bure la kumwonjesha mteja. Liliongea kidogo, kisha likakata kauli katikati ya sentensi, na halikurudi mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Zima, washa, zima, washa, kazi zikarundikana. Ndipo akabuni ujanja. Sauti ikikata, aliendelea kupiga taipu hivyo hivyo, maana vidole vyake vilizijua herufi. Akimaliza, anahifadhi, ndipo anawasha upya na kusikiliza alichoandika.

Ujanja huo ulimtokea puani. Ilikuwa hukumu ambayo hakimu aliirekodi ili ipigwe taipu kabla hajaisoma mbele ya watu, ya mjane aliyefukuzwa na shemeji zake kwenye nyumba ya marehemu mumewe. Sauti ilikata, yeye akaendelea. Kumbe katikati ya skrini kilikuwa kimejitokeza kijidirisha, kinauliza swali na kungoja jibu, na kila alichopiga baada ya hapo hakikuandikika popote. Mwenye macho angekifunga tu, yakaisha. Watu walikuwa wameshakaa wanangoja, hakukuwa na nafasi ya kuwasha upya. Karani akaja mbio, akakifunga kile kijidirisha bila hata kukisoma, akachapisha, akapeleka.

Hakimu akasoma mbele ya watu mpaka alipofika kwenye "hivyo basi mahakama hii inaamuru," na baada ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe. Kuna waliocheka. Mjane aliambiwa arudi siku nyingine.

Hakuna aliyemfokea Masikio. Walimhamishia mapokezi, akawe anapokea simu.

"Mshahara ni ule ule," mama msajili alimwambia. "Tena utapumzika."

Nyumbani mkewe naye alijaribu kumpooza. "Si hawajakupunguzia kitu, baba?"

"Mama watoto, mimi nilisema nimechoka?"



Baadaye mahakama ilitaka picha za kalenda, ya kuonyesha jinsi inavyomjali kila mtu. Masikio akatolewa mapokezi, akaketishwa kwenye meza yake ya zamani, akavishwa vile visikilizio masikioni. Akatega sikio. Feni ya mashine haikuwa ikivuma.

"Hii haijawashwa," alisema.

"Haitaonekana kwenye picha," mpiga picha akamjibu. "Geuza uso kidogo uangalie skrini, mzee. Haya, fanya kama unafanya kazi."

Masikio akageuza uso, akaweka vidole juu ya herufi, akafanya kama anafanya kazi.