Neno Refu Kwenye Ukuta wa Ofisi ya Kijiji

Nilipewa darasa la pili katika shule moja ya kisiwani, huku deltani. Watoto walizijua herufi zote, na maneno mafupi kama kuku na samaki waliyasoma mbio. Ukiwaandikia neno refu, darasa zima linanyamaza.

Msichana mmoja, aliyelelewa na bibi yake, yeye hakunyamaza. Alibuni. Akiona "wanakijiji" anasema "wanafunzi," halafu ananitazama usoni kujua kama amepatia. Msimu wa kuamia ndege alikuwa haonekani kabisa; yuko shambani na bibi yake, juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia mazao, wanafukuza ndege wasimalize mpunga. Akirudi, nusu ameshasahau.

Nikawa nambakiza baada ya vipindi. Nilikuwa naandika neno ubaoni, nalifunika kwa kipande cha boksi, kisha nalifunua silabi moja moja huku tukipiga makofi.

"Usikimbilie mbele," nilimwambia. "Soma kilicho wazi."

"Mkandaa," ule mti wa mikokoni, ulimsumbua, kwa kuwa alitaka ile m ya mwanzo iwe "mu." Na "shwa" aliivunjavunja ikawa si-ha-wa, mpaka siku moja akaitoa yote kwa pumzi moja, akacheka peke yake.

Masika yaliyofuata mvua haikukatika. Mto ukapanda, maji yakaingia mashambani mpunga ukiwa unatoa masuke, yakakaa humo hadi ukaoza. Nyumba za upande wa chini zikaanza kulala, kuta za udongo zimelowa. Watoto waliokuja shule walikuwa wachache, na walisinzia kwa njaa.

Asubuhi moja nilikuta watu wamejaa nje ya ofisi ya kijiji. Tangazo limebandikwa ukutani, na aliyelibandika ameshaondoka na boti. Nilikuwa nimeanza kulisoma kwa mbali pale yule bibi aliponiona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Ngoja, leo usitusomee wewe." Akamsukuma mjukuu wake mbele. "Soma, mama. Si unajua siku hizi?"

Mtoto akaweka kiganja juu ya karatasi, akawa anakisogeza polepole. "Wa-ka-zi." Watu wakasogea. "Wa-ta-ka-o..." Akasimama. Mimi mwisho wake nilishauona, nikatamani ashindwe.

"Endelea," bibi akasema, uso umemchangamka.

"Ha-mi-shwa." Kisha akalikusanya lote: "Watakaohamishwa." Akasoma na jina la kitongoji lililokuwa chini yake. Lilikuwa la kwao.

Alikuwa anatabasamu bado. Alitazama watu, akaona hakuna anayemsifu, na lile tabasamu likamwishia usoni.

"Umekosea," bibi yake akasema. "Rudia."

Akarudia, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, huyu si amekosea?"

"Hajakosea, bibi."

Bibi akamshika mkono mjukuu wake wakaondoka, bila kuniaga. Siku walipopanda boti na masufuria yao na magodoro yaliyolowa, nilikwenda kuwasindikiza. Bibi alikaa akinipa mgongo. Mtoto alinipungia mkono kidogo, kwa kificho.

Baadaye nilikwenda Kibiti kwa shughuli za shule, nikamkuta yule msichana karibu na stendi, ameketi nyuma ya karai la mihogo ya kukaanga. Alikuwa amerefuka na kukonda.

"Umeandikishwa shule huku?" nikamuuliza.

"Bado, madamu. Bibi hatoki kitandani. Nikienda shule, nani atamgeuza?"

Akauliza kama maji yameshatoka shambani kwao. Nikamwambia yametoka, ila matete yameota kote na dungu lao limeanguka.

"Bibi nitamwambia lipo," akasema.

Abiria wa basi wakaanza kumwita, akanyanyua karai, akawakimbilia.