Nyoka Kwenye Bango la Duka Langu

Nilirudi Garissa na diploma ya ufamasia kutoka India, wa kwanza kuipata katika ukoo wetu. Hakuna aliyenifanyia harambee. Karo niliipata kwa kubeba makatoni ghalani Jeddah miaka mitatu. Kwa hiyo nilipofungua duka la dawa karibu na soko, nilitafuta mchoraji hodari anichoree alama ya taaluma yetu: bakuli, na nyoka aliyejizungusha kwenye shina lake. Mji mzima haukuwa na bango kama hilo.

Miaka hiyo ya tisini, magazeti yaliyoletwa na basi la Nairobi yalijaa habari za waabudu shetani. Ilisemekana ni watu waliotajirika ghafla, na kwamba alama yao ni nyoka. Watumishi wa serikali waliotoka Kenya (tulisema hivyo, kana kwamba Garissa ni nchi nyingine) waliyasoma hotelini wakinywa chai. Kufikia Ijumaa soko lote lilikuwa limeyasikia kwa Kisomali, na chumvi juu. Wateja wakapungua.

Mmoja aliyebaki alikuwa mwalimu wa sekondari, Mkristo, mwenye vidonda vya tumbo.

"Mwalimu," nilimuuliza, "hii ni dini kweli? Wana mfungo?"

"Wanakutana kwa siri, daktari."

"Wakifa, nani anawaosha?"

Akacheka. "Gazeti halikufika huko. Lakini wewe mwondoe tu huyo nyoka."

"Huyo nyoka nimemsomea."

"Basi wasomee na hao wa sokoni."

Mimi nimeishi na watu wa dini nyingi, najua dini inavyomkamata mtu. Humwamsha alfajiri, humnyima chakula, na mwisho humzika. Kwetu shetani hutajwa kila siku ili afukuzwe. Huenda mahali fulani, zamani, kulikuwa na waliompigia magoti kwa dhati. Hii iliyofika Garissa haikuwa na muumini hata mmoja. Ilikuwa na washukiwa tu, na mshukiwa alikuwa yeyote mwenye duka zuri kuliko la jirani.

Ningeyavumilia hayo. Lakini habaryar wangu, mdogo wa mama, aliyenilea, alikuwa na presha, na dawa zake zilitoka kwangu. Siku moja nilimkuta amejifunga kichwa kitambaa kwa maumivu. Vidonge vya mwezi mzima vilikuwa kwenye kopo, hajavigusa.

"Habaryar, ni dawa ileile ya mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita sikujua maana ya bango lako."

"Unaamini namwabudu shetani?"

"Siamini. Naogopa."

Nikakaa chini nimweleze kitaalamu. Nikamwambia alama ile ni ya Wagiriki wa kale, ilitoka kwa mungu wao wa kike wa afya.

"Mungu wao?" aliuliza.

"Wa zamani. Hakuna anayemwabudu tena."

"Kwa hiyo ni ibada," alisema, akalisukuma kopo upande wangu.

Kesho yake nilipanda ngazi mwenyewe, nikampaka nyoka rangi nyeupe. Sokoni wakasema angekuwa mtu safi angemwacha. Habaryar naye hakubadilika, na miguu yake ilianza kuvimba.

Nilivitoa vidonge kwenye pakiti zangu, nikavifunga kwenye karatasi, nikaenda kwa mzee jirani yake aliyefundisha watoto Kurani. Nilimwomba ampelekee, asinitaje. Mzee akavipokea. Akampa kimoja kila asubuhi, akimsomea dua kwanza.

Baada ya wiki chache nilimkuta habaryar uani akipepeta mtama, kitambaa kimetoka kichwani.

"Yule mzee ana dawa kali," aliniambia. "Wewe ulikwenda mbali bure. Ungekaa kwake mwaka mmoja tu, akufundishe."

Diploma yangu ilikuwa ukutani dukani, kwenye fremu ya kioo.

"Nitamwendea, habaryar," nikasema.