Siku Tuliyompambia Mama Nyumba

Ninashona mapazia. Nina kibanda Gitothua, hapa Ruiru, cherehani mbili, na wateja ambao siku hizi hawataki pazia la kuzuia jua, wanataka pazia la kupigwa picha. Zamani mtu alinunua mapazia akihamia nyumba na akayatoa akihama. Sasa anakuja na simu, ananionyesha sebule ya Ulaya yenye theluji dirishani, anasema anataka hivyo hivyo. Yeye anakaa Mwihoko, chumba kimoja, na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani ambao akinyoosha mkono anaugusa. Napima, nakata, nashona. Simcheki mbele yake. Nasubiri akate kona.

Lakini hakuna mteja aliyewahi kunichosha kama mdogo wangu wa kike. Nyumba yake iko upande wa pili wa Ruiru, ndani ya geti, katikati ya nyumba zinazofanana zote, na ili ya kwake isifanane na zingine anaibadilisha kila baada ya miezi mitatu. Anasema anafuata majira. Majira gani? Hapa kwetu tuna vumbi, tope, baridi ya Julai, halafu vumbi tena. Yeye ana majira ya majani kudondoka. Majani yenyewe ni ya plastiki, ya rangi ya machungwa, na anayamwaga juu ya meza kila Septemba huku mparachichi wa jirani ukimchungulia dirishani na majani yake mabichi.

Septemba moja alipanga malenge matatu mlangoni, eti mapambo. Mama yetu alikuja kumtembelea, akajikwaa kwa lenge la kwanza, akauliza ni nani huyo anaacha chakula nje, akalibeba hadi jikoni na kulipika. Mdogo wangu alinuna wiki nzima. Mimi nilicheka nikakosea mshono. Tangu siku hiyo mama hakurudi kwake. Kila akialikwa alikuwa na sababu: mara kanisa, mara kuku, mara goti. Tulijua ni dharau tu. Mama ana dharau ya kutosha ukoo mzima, na mimi nilirithi fungu langu, kama unavyosikia.

Mama anaishi peke yake Thika, upande wa mashariki wa mji, katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na baba. Kaka yetu mkubwa alitaka ahame. Kaka amejenga Ruiru, na nyuma ya nyumba yake kuna chumba alichokiita chumba cha Mami kabla hajamwuliza Mami lolote. Kina dirisha dogo kama la choo na bomba linalolia ukutani mtu akioga. Siku ya Pasaka, tukiwa wote jikoni kwa mama, kaka alisema, "Akianguka mara moja tu, anahama. Mara moja. Sitaki mambo mingi."

Mama alikuwa anamenya viazi. "Nianguke nikitoka wapi?" akasema, akaendelea kumenya. Lakini nilikiona kisu kikisita. Kuanzia hapo sote tulijua, na yeye alijua: aanguke mara moja, na nyumba yake basi.

Desemba ilipoingia mdogo wangu alifika kibandani kwangu, miwani ya jua kichwani, amejaa mawazo.

"Tumfanyie Mami makeover. Iwe surprise. Krismasi tukienda, nyumba iko fresh."

"Nyumba ya Mami ina shida gani?"

"Ai, wewe! Ile sitting room ni museum. Viti zimezunguka ukuta kama kwa daktari, vitambaa kila mahali. Tunataka fanicha simple. Nyumba ipumue."

"Imekuambia imekosa pumzi?"

"Wewe shona curtain tu, tafadhali."

Nikashona. Ningeweza kusema kwamba nilishindwa kumkatalia, lakini ukweli ni kwamba kitambaa alichokuja nacho kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizito, cha kijani kilichokolea, na sikuwahi kushonea mtu wangu kitambaa kama hicho. Tena mama hakuwahi kuning'iniza pazia langu hata moja. Dirisha lake la sebuleni lilikuwa na kipande cha neti alichonunua kabla sijazaliwa, na kila nilipomletea pazia alilikunja akaliweka sandukuni akisema nyumba yake si ya wafu. Nilitaka aone kazi yangu walau mara moja. Nilitaka aisifu. Mwanamke mzima, nywele zimeanza mvi, bado natafuta maksi kwa mama.

Siku ilikuwa Jumamosi. Kaka alikuja kumchukua mama, kama tulivyopanga naye, ampeleke chakula cha mchana kwenye ile hoteli ya zamani karibu na maporomoko ya Chania. Mama alibisha hadi mlangoni. "Hayo maji nimeyasikia tangu niolewe. Yana nini kipya?" Lakini kaka alimwingiza kwenye gari, akamfunga mkanda kama mtoto, wakaondoka.

Gari lilipokata kona tu, pikapu ya mdogo wangu ikaingia na mafundi wawili. Viti vya mbao vya mama vilitolewa pamoja na mito yake. Ikatoka meza ya katikati, ile ambayo kona yake moja ilikuwa imechakaa hadi ikang'aa. Zikatoka stuli, likatoka kabati la vioo, kalenda za miaka iliyokufa zikabanduliwa. Vyote vilirundikwa kwenye veranda ya nyuma na kufunikwa turubai. Seremala fulani angevichukua Jumatatu.

Kisha ikaingia hiyo fanicha simple. Nimeichunguza vizuri, na nimeelewa kuwa fanicha simple ni fanicha ya kawaida iliyonyimwa mgongo, mikono na urefu. Kulikuwa na benchi la mbao za paleti, zile za kupangia mizigo ghalani, lililopigwa msasa upande wa kupigwa picha tu. Kulikuwa na mito mikubwa ya duara ya kukalia sakafuni, katika nyumba ya mwanamke mwenye goti bovu. Kulikuwa na kapu la matawi makavu, yaani kuni, ila kuni zilizopakwa rangi ya dhahabu kwa ajili ya Krismasi. Na juu ya sakafu nyekundu ya simiti, ambayo mama ameipiga polishi kwa magoti yake miaka yote, mdogo wangu alitandika zulia jeupe. Zulia jeupe, Thika, mahali ambapo hata kuku wana vumbi jekundu.

Mwisho nikaning'iniza mapazia yangu. Neti ya mama niliitumia kufuta kioo. Chumba kikaingia giza la kijani, mdogo wangu akasema, "Wah, cozy!" na mimi nikasimama pale mikono kiunoni nikiyatazama yalivyokunjika. Nilikuwa nimewacheka wote, wa Mwihoko na wa ndani ya geti, kumbe mimi ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Walirudi saa kumi. Tulijificha nyuma ya mlango kama watoto, mdogo wangu ameshika simu anarekodi, na mama alipofungua tukapiga kelele, "Surprise!"

Mama alisimama kizingitini. Alinusa. Aligeuza kichwa pole pole kushoto, akakigeuza kulia. Halafu akasema, "Ni kuzuri."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Namjua mama tangu nizaliwe, na hajawahi kusifu kitu chetu bila kukitia mkia. Hata arusi yangu aliisifu akaongeza kwamba wali ulikuwa mbichi. Lakini mimi nilisikia "kuzuri" nikayatazama mapazia yangu, moyo ukajaa.

Akaanza kutembea. Alienda moja kwa moja, kwa hatua za mtu aliye kwake, mkono wa kulia umeshuka kidogo, vidole vimefunguka. Mkono ulikuwa unatafuta kona ya meza. Haukuipata, ukazunguka hewani, na mguu ukakuta ule mto wa duara. Mama alijaribu kugeuka na kuketi mahali kiti chake kilipokuwa siku zote. Hapakuwa na kiti. Alianguka na mkono wa kushoto chini yake.

Kwenye ile video mdogo wangu anasikika akicheka kidogo mwanzoni. Alidhani mama anafanya mchezo.

Katika zahanati walisema mfupa haukuvunjika, wakafunga kiganja bandeji. Tuliporudi, mama aliketi kwenye benchi la paleti, hana pa kuegemea, na kaka akasimama mbele yake.

"Nilisema mara moja," kaka akasema. "Kesho mchana nakuja na gari. Mpakieni nguo."

Nilimsubiri mama amjibu. Nilitamani amrarue kama anavyoturarua siku zote. Alitazama mikono yake tu. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa alipoanguka.

Nilibaki naye. Asubuhi niliamka nikasikia vyombo jikoni. Jikoni hatukuwa tumepagusa, muda ulituishia. Nikasimama mlangoni nikamtazama mama akipika chai kwa mkono mmoja. Kiberiti alikichukua bila kukitafuta. Sukari, majani, maziwa, kila kitu mkono uliendea na kukipata. Chai ikamiminwa ndani ya thamosi na hakuna tone lililomwagika. Halafu alikuja sebuleni nayo, na alipovuka mlango alikuwa mtu mwingine. Alipapasa ukuta. Aliburuta mguu mbele yake kama anayevuka mto.

"Mami," nikasema, "unaniona?"

"Nakuona. Wewe uko hapo katikati. Ni kando ndio pamefungwa. Na pakiwa na giza, hata katikati."

Alikuwa amejua muda mrefu. Daktari wa kliniki ya macho alimwambia ni presha ya macho, akampa dawa ya matone na kusema iliyopotea haitarudi. Chupa ya matone ilikuwa ndani ya mkebe wa majani ya chai, mahali ambapo sisi watoto, ambao hatupiki tukija, hatungeiona kamwe.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie ili mnihamishe? Hii nyumba naijua. Huko kwa kaka yako nitakuwa kipofu. Hapa mimi ni mtu asiyeona vizuri tu."

Nikaenda dirishani nikayavuta mapazia yangu chini, na fimbo yake ikaja nayo. Sikuyakunja. Mwanga ukaingia, na aibu niliyoiona hapo sitaki kuieleza zaidi ya hivi: nilikuwa nimemzimia mama yangu taa, nikangoja sifa.

Nikamwambia tutakosa kanisa. Nikafunua zulia. Chini yake sakafu ilikuwa imeweka kila kitu kumbukumbu. Pale miguu ya viti iliposimama, polishi haikuwahi kufika na palikuwa na vidoa vinne vinne vilivyopauka. Kabati liliacha mstari mzima. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mama na kutoka kiti hadi jikoni, wekundu ulikuwa umelika kwa kukanyagwa. Nikachukua chaki yangu ya kushonea nikazungushia kila doa. Kisha nikakokota kiti kimoja kimoja kutoka veranda, nikaiweka miguu yake juu ya alama. Mama aliketi jikoni akisikiliza na kunikosoa. "Unakwaruza. Inua. Wewe hujala?"

Kaka alifika saa tisa na buti la gari limefunguka tayari. Mdogo wangu alikuwa naye, macho yamevimba. Wakasimama mlangoni, wakaiona ile museum imerudi yote, kasoro kalenda.

"Hii ni nini tena?" kaka akauliza. "Si nilisema apakiwe?"

"Karibuni chai," mama akasema kutoka jikoni.

Akaja na trei kwenye mkono wake mzima, imeegemea ule wenye bandeji. Alipita kati ya viti, akakwepa stuli, akaweka trei mezani, akamimina vikombe vinne. Kikombe cha kaka alikipeleka hadi mkononi mwake. Halafu akageuka, akaketi kwenye kiti chake bila kukigusa kwanza, akawaambia. Aliwaambia yote kwa maneno machache, kama anayetaja bei ya kuku.

Kaka aliweka kikombe mezani. Alitoka nje, tukasikia buti likifungwa. Aliporudi alisema Jumatatu atampeleka mama kwa daktari wa macho, na baada ya hapo amrudishe hapa. Sijawahi kumpenda vile tangu tukiwa watoto, na sijamwambia.

Mdogo wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti. "Mami, ndio maana ulikataa kuja kwangu?"

"Kwako nikija leo ni nyumba moja, nikija tena ni nyumba nyingine," mama akasema. "Nitajifunza ngapi?"

Mdogo wangu akalia, kilio cha kweli, rangi ya macho ikamtiririka mashavuni. Mama alimwacha alie. Alikuwa amenyoosha mkono wa kulia mbele yake, anaitafuta ile kona ya meza iliyong'aa. Vidole vikafika, vikasita.

"Nani aliweka meza?"

"Ni mimi, Mami. Niliiweka kwa alama."

"Iko mbali vidole viwili."

Ninapima vitu vya watu kila siku, na hiyo ndiyo inayonilisha. Nikapiga magoti na futi yangu ya kushonea kwenye sakafu, nikitumaini amekosea. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umepita alama yake kwa vidole viwili. Nikairudisha. Mama akanyoosha mkono tena, akaipata, akaacha kiganja chake hapo.

"Sasa," akasema. "Na hiyo chai yako inapoa."