Mwalimu wa Korosiet na Maabara ya Ng'ambo ya Mto

Saa moja kasoro asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai ya Konoin. Celine Amolo ameinama kwenye mfereji wa maji wa Shule ya Korosiet, anasugua chupa za jemu kwa majivu.

Chupa hizi ndizo vifaa vyake vya maabara. Leo gredi ya nane inajifunza kuhusu asidi na besi, na kwa kuwa hana kemikali za kupimia, amechemsha chai ya rangi. Wanafunzi wataikamulia ndimu waone ikipauka, kisha nyingine waitie magadi waone ikigeuka nyeusi.

"Chai tunayo," anasema. "Hivyo vingine tunaangalia tu kwa jirani."

Jirani ni Shule ya Chepkitar, ng'ambo ya mto. Paa lake la buluu linaonekana vizuri kutoka hapa mferejini.

"Hiyo bati ya blue naichukia," anasema, bila kuficha. "Nikifua naiona. Nikifundisha naiona kwa dirisha. Wewe andika tu wivu. Sitakudanganya."

Shule zote mbili ni za umma. Mgao wa serikali hufuata idadi ya wanafunzi, na kila mtoto huja na kiasi kile kile, awe huku au kule. Chepkitar ina zaidi ya wanafunzi mia sita. Korosiet, iliyo mwisho wa barabara ya matope, haifikishi mia moja na thelathini. Ikishalipia chaki, umeme na mlinzi, haibakiwi na cha kununulia hadubini.

Celine mwenyewe hulipwa na bodi ya shule, shilingi elfu nane kwa mwezi, na mwezi mwingine hukosa.

Ana umri wa miaka thelathini na saba. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi karibu na Mogogosiek, ambako baba yake, mzee Ooko, alikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi ya kuchochea tanuri la kiwanda cha chai. Shuleni alikaa dawati moja na Rebeccah Chepchirchir, binti wa mkulima wa chai na ng'ombe. Wakasomea ualimu pamoja.

Rebeccah akapata ajira ya kudumu. Leo yeye ndiye mwalimu wa sayansi wa Chepkitar, na funguo za maabara iliyo chini ya lile paa la buluu huwa mfukoni mwake.

"Tulikuwa tunagawana mandazi moja," Celine anakumbuka. "Halafu yeye akapewa hadubini, mimi chupa za jemu. Ungekuwa wewe ungefurahi?"

Mwaka jana, maofisa watatu wa elimu walikuja kusikiliza maoni ya wananchi: je, pesa zinazofika shuleni zinatosha? Kikao kilifanyika ukumbini Chepkitar. Hilo pekee lilimkera Celine, kwamba hata wa kuuliza kuhusu upungufu walikwenda kuketi penye vitu.

Alipopewa nafasi ya kusema, alisahau yote aliyoyapanga.

"Hawa wamejaziwa kila kitu," alisema. "Chukueni hiyo maabara yao mgawe. Hata nusu."

Ukumbi ulivuma. Rebeccah akasimama. "Hii maabara haikutoka kwa mgao. Wazazi hapa walikatwa pesa ya bonasi ya majani chai, miaka miwili. Celine, unataka wakuje wang'oe mabati?"

Celine aliketi. Anasema masikio yake yalipata moto kama mtu aliyepigwa kofi. Ofisa mmoja aliandika kwamba shule ndogo zinalalamika. Majibu ya kikao kile hayajarudi hadi leo.

Njiani kurudi nyumbani, mwalimu mkuu wake, Bwana Kiplangat, alimwambia neno moja tu: "Mwalimu, umetuchoma mbele ya watu."

Celine na Rebeccah hawakusemezana muhula mzima. Wakikutana kanisani, kila mmoja alikuta kitu cha kutafuta ndani ya mkoba.

Kisha ikaja zamu ya gredi ya tisa kutazama seli za mimea, kazi ambayo ingehesabiwa katika alama zao. Chupa ya jemu haikuzi seli. Celine alivuka mto siku ya Jumanne na kusimama kwenye geti la Chepkitar. Anakiri kwamba aligeuka kurudi, akajilazimisha kusimama tena.

Rebeccah alitoka akiwa na koti jeupe, akasikiliza ombi lake. "Ulitaka ichukuliwe," alisema. "Sasa unataka kuiazima?"

"Ni ya watoto, Rebeccah."

"Najua ni ya watoto. Hata siku ile nilijua." Akafuta mikono kwa koti. "Walete Alhamisi, saa nane. Na wasinivunjie kitu."

Kuanzia hapo, kila Alhamisi gredi ya tisa ya Korosiet huvuka daraja la mbao. Celine huketi nyuma, na Rebeccah hufundisha.

"Anafundisha vizuri," Celine anasema, kana kwamba anang'olewa jino. "Hilo ndilo lilinimaliza. Ningependa awe mbaya kidogo."

Pigo kubwa zaidi lilikuwa bado. Jioni moja binti yake, Monicah, aliyekuwa gredi ya saba hapa Korosiet na aliyesikia habari za Alhamisi kutoka kwa wenzake wakubwa, alimwambia wakichambua mboga: "Mama, mimi nataka kuhamia kwa teacher Rebeccah."

Celine alijua maana yake. Mtoto akihama, mgao wake humfuata. Shule ikizidi kupungua, wazazi wengine nao huanza kufunga virago, na tayari kuna mazungumzo ya kuiunganisha Korosiet na Chepkitar. Na zaidi ya hayo, binti yake mwenyewe alikuwa amemchagua yule mwingine.

"Nilimwambia hapana. Nikamnunia siku nyingi, mtoto wangu mwenyewe," anasema. "Halafu nikajiuliza, nikimzuia, namzuia kwa sababu ya shule ama kwa sababu ya Rebeccah? Jibu sikulipenda."

Muhula uliofuata alimpeleka. Bwana Kiplangat alipoitia sahihi barua ya uhamisho, alimtazama. "Hata wewe?" aliuliza. Celine aliichukua barua. Alirudi darasani kufundisha waliobaki.

Wazazi wawili walihamisha watoto wao baada ya Monicah, na walitaja jina la Celine kama sababu.

Lakini kuna walioamka. Mwezi uliopita wazazi wa Korosiet walikutana na kukubaliana kutoa sehemu ya bonasi ya chai ya mwaka huu ili ghala la zamani la mahindi ligeuzwe maabara. Kuta zimeshapigwa chokaa. Kinachongojewa ni meza, na fundi wa kutoboa dirisha.

Kuhusu dirisha hilo, Celine hataki ushauri wa mtu. Fundi alitaka kuliweka nyuma, upande wa shamba, kwa ajili ya usalama. Yeye amekataa. Analitaka mbele, kubwa, likitazama njia iendayo Chepkitar.

"Monicah hupita hapo kila asubuhi," anasema, akipanga chupa zake juani zikauke. "Nataka akipita aone ndani. Nataka asimame kidogo."