Nilivyokwenda Issuna Kumrudisha Dada

Nilikwenda Issuna kwa sababu mama alinituma. Dada yangu mkubwa, Wakesho, aliolewa na Nkuwi, Mnyaturu aliyekuwa akifanya kazi ya reli hapa Voi. Nkuwi alipostaafu alitaka kuzeekea kwao, mkoa wa Singida, naye dada akafunga mizigo akamfuata Tanzania. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi huko miaka michache, kisha shemeji akafariki. Dada hakurudi.

Tulivumilia mpaka zilipotufikia habari kwamba watu wa huko wanahamishiwa katika vijiji vipya vya Ujamaa. Msafiri mmoja alimwambia mama kwamba Wakesho ameiacha nyumba aliyojengewa na mumewe, na kwamba alipita karibu na zizi lake akalikuta tupu.

“Mwanangu yuko katika nchi ya watu,” mama aliniambia. “Hana mume, hana mtoto, na sasa hana hata ng'ombe. Mwakio, nenda kamlete.”

Akanipa sanduku lake la bati, tupu, la kutilia nguo za dada.

Mimi ni fundi wa mizani. Madarasa niliyosoma ni machache. Mengine nimejifunza vitabuni jioni baada ya kazi, na nimezoea kulitazama jambo vizuri kabla ya kulisema. Katika safari hii nililisema kabla ya kulitazama.

Kutoka Voi nilipanda treni ya Moshi. Nyanda za mkonge zilipita polepole, na Kilimanjaro ulijificha mawinguni siku nzima. Moshi nilipata basi la Arusha, na Arusha nikapata la Singida. Hapo ndipo utingo alipolinyanyua lile sanduku kulipandisha juu, likamjia mikononi upesi kuliko alivyotarajia.

“Mzee, umebeba upepo?” akaniuliza. “Singida upepo upo mwingi, usingejisumbua.”

Abiria wakacheka. Nikajibu kwamba litarudi limejaa.

Baada ya Babati barabara ilikuwa ya vumbi jekundu. Tulisimama Katesh chini ya mlima Hanang, tukanywa chai, kisha nchi ikafunguka, tambarare na kavu. Tulipoukaribia mji wa Singida niliona mawe makubwa yamepandana kama magunia ghalani, na nyuma yake ziwa. Utingo hakusema uongo: upepo ulivuma tangu nilipotia mguu chini hadi nilipoondoka.

Kutoka mjini nilipata lori lililokuwa likielekea kusini, nikakaa juu ya magunia ya mtama mpaka Issuna.

Issuna nilikuta nyumba mpya zimepangwa mistari kando ya barabara, nyingine bado hazijakandikwa udongo. Nilipomuulizia Wakesho hakuna aliyemjua. Nilipoeleza kuwa ni mwanamke wa Taita, Kenya, mama mmoja akasema, “Ah! Mama Taita! Mbona hukuanzia hapo?” Akanifikisha mlangoni.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Umekonda. Mama hajambo?” Alinishika mkono muda mrefu, kisha akalitazama sanduku. Alilitambua.

Nyumba yake ilikuwa ndogo, safi, ya vyumba viwili. Nyuma kulikuwa na zizi la miiba, na ndani yake hakuna hata kwato.

“Dada, ng'ombe wako wako wapi?”

“Wapo.”

“Wapi?”

“Kwa watu,” akajibu, akaendelea kusonga ugali wa uwele.

Jioni ile, tukila ugali kwa mlenda, watu waliingia mmoja mmoja. Alikuja Mzee Munna, kaka wa marehemu Nkuwi. Akaja jirani aitwaye Mama Salima, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia mifugo. Walizungumza na dada kwa Kinyaturu, lugha nisiyoijua, lakini neno la ng'ombe, lililofanana na letu, nililitambua mara nyingi. Nikajumlisha mambo: zizi tupu, mali iko kwa watu, na watu hao hao wanakuja kumliwaza. Nikaamini kwamba mjane amenyang'anywa, na kwamba anaficha aibu hiyo kwangu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda duka la ushirika la kijiji kununua sukari. Mizani yao ilikuwa imelala upande mmoja, nami sikuweza kuivumilia. Nikaifungua, nikasafisha ncha zake, nikaisawazisha. Muuzaji, kijana mpole aitwaye Ramadhani, alifurahi sana, na watu waliokuwa wakisubiri wakasogea kutazama.

“Ndugu fundi, utakaa nasi muda gani?” akauliza.

“Si mrefu,” nikasema, kwa sauti ili wote wasikie. “Nimekuja kumchukua dada yangu. Anarudi kwao.”

Ramadhani alikuwa anamimina sukari. Akaacha.

“Mama Taita anahama?”

“Anahama.”

Nilikusudia waliochukua mali ya dada wajue kwamba ana ndugu. Na ilionekana wamejua, kwa sababu asubuhi iliyofuata, jua likiwa bado chini, nilisikia kengele ya ng'ombe mlangoni.

Alikuwa Mzee Munna na ng'ombe mwekundu mwenye ndama. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa. Alimkabidhi dada kamba na kibuyu, akasema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu, “Ng'ombe wako huyu. Hakulala na njaa kwangu.” Akaenda zake. Baada yake akaja mtu mwingine na ng'ombe na kibuyu, na kisha Mama Salima na kibuyu chake na ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe. Safari hii sauti yake haikusikika.

Zizi likajaa. Nilisimama nikiwatazama ng'ombe wale kwa kuridhika. Niligeuka kumpongeza dada, nikamkuta ameketi kizingitini, vibuyu vitatu miguuni, hajagusa hata kimoja.

“Dada, mali yako imerudi. Mbona hufurahi?”

“Mwakio, ulisema nini pale dukani?”

Nikamwambia.

“Wananiaga,” akasema. “Ng'ombe hurudishwa kwa mtu anayehama, au kwa mtu mliyegombana naye. Mimi sijagombana na mtu.”

Ndipo akanieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Huko mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini mwake. Mmoja humpa huyu amfugie, mwingine yule. Anayefuga hunywa maziwa, na samadi ni yake. Ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hauli mali yote.

“Nilidhani wamekunyang'anya.”

“Niliwapa mwenyewe, nilipomaliza kumzika Nkuwi. Yeye aliwaweka wote katika zizi letu la zamani. Aliponitoka nikaona nikikaa na ng'ombe wangu nitakaa nao peke yangu.” “Umeuliza mtu anayezeeka ugenini ataangaliwa na nani?”

Sikuwa nimeuliza, ila ndilo swali nililotoka nalo Voi.

“Anayefuga ng'ombe wako hana budi kuja kukwambia hali yake. Anachechemea, atakuja. Amezaa, atakuja. Nilipougua homa, Mama Salima alikuja kuniambia habari ya huyu mwenye baka, akanikuta sijiwezi. Alinilisha uji mpaka nikasimama. Voi nina ndugu wengi, Mwakio. Nani kati yenu angekuwa na sababu ya kupiga hodi kila juma?”

Nilifikiri juu ya nyumba zetu. Mimi mwenyewe huonana na ndugu zangu kwenye mazishi tu.

“Kwa hiyo hutaki kurudi.”

“Sitaki. Lakini sasa kijiji kizima kinajua naondoka, na hakuna atakayemfugia ng'ombe mtu aliye njiani.” Akainuka, akajipangusa vumbi. “Uliyewarudisha ni wewe. Wapeleke.”

Basi mimi, ambaye sijawahi kuchunga hata mbuzi, nikashika kamba ya ng'ombe mwenye baka. Alinivuta hadi kwenye shamba la mtu, akanirudisha, akanisimamisha katikati ya barabara. Dada alinifuata nyuma akicheka mpaka akashika kiuno. Wakati ule ndipo niliposikia kicheko chake kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Mama Salima alikuwa uani akipepeta uwele. Alitutazama tukikaribia, ungo mkononi.

“Mama,” nikasema, “nilikosea. Nilisema dada anahama bila kumuuliza. Hahami. Naomba umpokee ng'ombe.”

Akamtazama dada. “Ni kweli, Mama Taita?”

“Ningehama ningemwacha huyu ashike kamba?”

Mama Salima akaweka ungo chini, na sauti yake ikarudi yote.

“Shemeji wa Kenya! Umefunga mizani yetu vizuri, ulimi wako umeuacha wazi! Leta hiyo kamba kabla ng'ombe hajakupeleka Manyoni.”

Tulizunguka hivyo mpaka mchana. Mzee Munna alikuwa mgumu zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Marehemu aliniachia shemeji. Jana niliposikia anahama nilidhani nimeshindwa kumtunza.” Akafungua zizi mwenyewe.

Siku ya kuondoka nilikuwa nikilisubiri lori mlangoni kwa dada, Mama Salima akaja na mtamba wa kahawia, wake mwenyewe.

“Nyasi za kwangu hazimtoshi,” akamwambia dada. “Nifugie.”

Nyasi zilikuwa zile zile kijiji kizima. Dada alipokea kamba, akageuka upesi kumwingiza zizini, na alichelewa huko kuliko kazi ilivyohitaji.

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, lakini utingo wa Singida safari hii alilalamika kwamba sanduku linamvunja mgongo. Dada alikuwa amelijaza vitunguu, na katikati akaweka debe dogo la asali.

Voi nilimkuta mama amekaa nje. Nililiweka sanduku mbele yake, akalifungua kwa haraka, akavitazama vile vitunguu.

“Nguo zake ziko wapi?”

“Zimebaki nyumbani kwake.”

Nikamweleza yote, tangu zizi tupu hadi ng'ombe waliorudi na waliopelekwa tena. Alisikiliza akigeuza kitunguu kimoja mkononi. Nilitegemea alie, au anigombeze.

“Na yeye,” akauliza mwishowe, “kuna mtu aliyempa ng'ombe amfugie?”

“Yupo. Jirani alimletea mtamba nikiwa pale pale.”

Mama akashusha pumzi, akakirudisha kitunguu sandukuni.

“Basi ana watu. Hata baba yako alikuwa na ng'ombe kwa watu huko milimani Taita ambao wewe hukuwahi kuwaona. Ulidhani wale wazee waliokuja kumlaza kaburini walitoka wapi?”