Katoni ya Nyama Iliyotaka Kuninyima Mke

Siku ile nyama ya kopo ilipotaka kuninyima mke naikumbuka kana kwamba vyungu bado viko mekoni. Nakusimulia leo, mjukuu wangu, kwa sababu jana nilikuona ukitoka kwenye lile duka jipya la vyakula la hapa Kasongo, lile ninyi vijana mnaloliita alimentasio, mifuko imekujaa mikononi na uso unang'aa. Uliniambia kila kitu umekipata kwa promosio, yaani kwa bei iliyoshushwa. Nilifurahi nawe, kweli. Sikukuuliza pale barabarani vitu hivyo ni vya kuliwa na nani, maana hilo ni swali linalotaka mtu aketi kwanza.

Usifikiri nakuita nikukataze. Mimi ni mpenzi wa bei nafuu tangu kabla hujazaliwa, na ukinipeleka dukani leo na macho yangu haya yaliyochoka, bado nitatoka na kapu zito kuliko lako. Najua kwamba kopo lililobonyea ubavuni halina neno, lakini lililovimba kifuniko nitaliacha hata wakinipa bure. Najua kuung'ata mchele punje moja, nikasikia kama umekauka au umelowekwa maji ili uwe mzito. Nikiona kopo la kupimia maharage, naingiza mkono ndani kuona kama kitako hakikugongwa kwa nyundo kikapanda juu, na muuzaji akinuna namwambia anune vizuri. Hayo yote nilifundishwa na mtu mmoja, mama mkubwa wangu Sifa, dada ya mama yangu, aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Lakini jambo kubwa alilonifundisha halikuwa kwenye punje wala kwenye kopo.

Nilikuwa kijana, nasafirisha mafuta ya mawese kwa baiskeli mpaka Kabambare, narudi na karanga. Huko Kabambare ndiko nilikomwona Zaina, akiuza karanga za shamba la baba yake. Nilizinunua safari nyingi kuliko nilivyohitaji. Yeye ni wa nyumba ya Waislamu, mimi wa nyumba ya Wakristo, na kwetu Maniema hilo halijawahi kuwa ukuta. Ni mlango unaotaka kubishwa hodi vizuri tu. Baba yake, Mzee Saidi, mfanyabiashara wa Salamabila na Kabambare, mtu wa maneno machache, hakunikataa. Alisema kwamba kabla ya kutoa jibu, atakuja na watu wake kuona nyumba ambamo binti yake atakula.

Sikiliza vizuri neno hilo, mwanangu. Hakusema nyumba atakamolala. Alisema nyumba atakamokula.

Sisi hatukuwa na kitu. Mavuno ya mpunga yalikuwa mabaya, na wageni walikuwa wengi. Ndipo baba mdogo wangu Kalume, mtu mchangamfu anayependa kuonekana, akaja asubuhi ya siku ya kuamkia ugeni na habari njema. Katika depo moja sokoni, ghala la kuuzia jumla, imeshuka mizigo kutoka Bukavu, na kuna katoni ya nyama ya kopo inayouzwa kwa bei ya kuchekesha, kwa sababu karatasi za makopo zimechanika na mwenye depo anataka kuimaliza. Kalume alikuwa amekwisha kumwambia aiweke pembeni. Nyama ya kopo kwetu wakati ule ilikuwa heshima. Nilimkumbatia baba mdogo, nikajiona nimeshaoa.

Mama Mkubwa Sifa hakumkumbatia mtu. Alijifunga kitambaa kichwani, akasema twende tukaione.

Alikuwa na desturi moja iliyokuwa ikiwaudhi wafanyabiashara wote wa Kasongo. Hanunui katoni kabla ya kufungua kopo moja. Analipia hilo moja, anakaa mlangoni pa duka mbele ya watu, anakula, hana haraka. Akiridhika anachukua mengine. Siku ile alifanya hivyo hivyo, na Kalume akawa anatazama kando kama mtu asiyetufahamu.

"Shemeji, unatupatisha haya," Kalume alimnong'oneza. "Mwenye depo anasema iko nyama ya ng'ombe."

"Sawa. Basi nikule hiyo ng'ombe," akajibu.

Alitumbukiza kidole, akaonja. Akaonja tena. Uso wake ukalainika, maana alikuwa anakipenda kweli kile alichokuwa anakula. Akamaliza kopo lote, akapangusa mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Iko tamu sana," alimwambia mwenye depo. "Lakini hii iko nguruwe. Miye nafuga nguruwe ku nyumba, huwezi kunidanganya."

Yule mwenye depo, kijana tu, aliligeuza kopo huku na huku. Maandishi yaliyobaki yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Akasema yeye alipewa hivyo hivyo, na nafikiri alisema kweli.

Tulitoka nje. Jua lilikuwa limepanda, na mimi niliona harusi yangu inaondoka na kivumbi cha barabara ya Kabambare. Hapo ndipo Kalume alisema maneno ambayo mtu yeyote mwenye mfuko mtupu huyasikia moyoni mwake.

"Nani atajua? Tia pilipili, tia nyanya. Nyama mu mchuzi haina jina. Watakula, watashiba, watarudi kwao."

Mama Mkubwa hakupandisha sauti. Alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi.

"Miye nitajua. Weye utajua. Na huyu mutoto atakaa na bibi yake mpaka uzee, kila siku anakula mu mikono yake, na yeye atajua. Hii kitu haiko rahisi, shemeji. Iko rahisi kwetu tu, juu ya sisi tunaikula. Kwa wale wageni, hakuna bei inatosha."

Basi, mwanangu, hayo ndiyo makaripio niliyokulia. Hayakuelekezwa kwangu, lakini mimi ndiye niliyekuwa na kitu cha kupoteza, kwa hiyo yaliniingia mimi. Niliogopa pia, sikufichi. Niliuliza tutawapa nini watu wale. Akaniambia nibebe kapu na ninyamaze.

Mchana ule ndio uliokuwa shule yangu. Katika depo ile ile alinunua sukari ya gunia lililopasuka, ambayo haikuwa na kasoro ila gunia tu. Tukapita kwa wanawake wa tangawizi na mananasi, akachagua mananasi yaliyoiva kupita kiasi, yale ambayo kesho yake yangetupwa, kwa sababu yeye alitaka maji yake leo. Kisha akanikalisha kivulini tusubiri. Wauza samaki wa Nyangwe huja na samaki waliokaushwa kwa moshi, na jua likianza kushuka huwa wanawaza njia ya kurudi kuliko faida. Mama Mkubwa aliijua saa hiyo kama muuguzi anavyojua saa ya dawa. Tukaondoka na samaki wakubwa, wakavu, wasio na mdudu, kwa bei ambayo asubuhi wangetucheka. Uyoga tulipata kwa jirani, sombe, majani ya muhogo, tulikuwa nayo shambani, karanga zilikuwa za Zaina mwenyewe. Kuku tulikuwa nao wachache nyumbani, wakaachwa wamefungwa miguu, hai. Mwisho akaenda kwa Mama Amina, jirani yetu Mwislamu, akaazima sufuria zake zote, kwa sababu zetu zilishapika nguruwe.

Kalume hakuridhika. Baadaye tulijua kwamba alimkonyeza kijana wa depo asiiuze katoni ile, kwamba huenda akairudia.

Wageni walifika. Mama Mkubwa akawasalimu, akawaonyesha kuku, akamwomba kijana wao mmoja awachinje. Kalume aliona ni fedheha kumpa mgeni kazi, lakini niliona wanawake wa upande wa Zaina wakitazamana na kutulia. Chakula kikaiva, kikaletwa. Harufu ilikuwa ya kumfufua mtu. Mchuzi wa samaki na karanga, mwekundu kwa mawese, uyoga ndani yake, kuku kidogo, sombe, wali wa Kasongo. Na jagi za tangawizi na nanasi, baridi kutoka kwenye mtungi.

Kwetu mkubwa wa wageni ndiye huletewa maji kwanza. Akinawa, wote wananawa na kula. Asiponawa, hakuna anayegusa kitu, na maana yake kila mtu anaielewa. Nilimpelekea Mzee Saidi beseni mimi mwenyewe. Akalitazama. Mikono yake ikabaki magotini, mikavu.

"Kuku walikuwa wachache," alisema pole pole. "Hii mchuzi iko mingi. Jana jioni, tulipofika hapa Kasongo, niliingia mu depo kutafuta majani ya chai. Niliona katoni ya nyama imewekwa pembeni. Mwenye depo aliniambia, iko ya ile nyumba inapokea wageni kesho. Ile nyama naijua. Niliipata ku Salamabila, nikaiingiza mu nyumba yangu, tukakula kabla ya kujua iko nini. Nauliza mbele ya wote. Iko wapi ile katoni?"

Mwanangu, nilibaki nimeshika beseni. Kalume alikohoa, akatazama dari. Niliwaza kama ametorokea depo usiku, akaitia ndani ya sufuria. Nilimwangalia Zaina, aliyekaa na shangazi zake karibu na mlango, na yeye ananiangalia mimi, hakupepesa. Kama ningekuwa na jambo la kuficha, macho yake yangelitoa pale pale. Sikuwa nalo. Hiyo ndiyo zawadi niliyopewa jana yake nikiwa nimebeba kapu, na sikuwa nimejua kama nimeipokea.

Mama Mkubwa Sifa alitoka mekoni na mwiko mkononi.

"Iko ku depo," alisema. "Nilifungua kopo moja, nikakula miye, mulangoni, watu wote wanaona. Ilikuwa tamu, Mzee, sitakudanganya. Ndiyo nikajua haiko yenu. Mchuzi umejaa samaki ya Nyangwe na karanga ya binti yako. Sufuria iko ya Mama Amina. Muulize, yuko hapa."

Mama Amina aliitikia kutoka nyuma. Halafu bibi mmoja mzee wa upande wao, nyanya yake Zaina, akaanza kucheka, akicheka hasa lile neno la kwamba ilikuwa tamu, mpaka machozi yakamtoka. Mzee Saidi hakucheka. Alinyoosha mikono yake juu ya beseni, akaniambia, "Mwaga maji, mukwe."

Mkwe. Nilimwaga maji mengi kuliko yaliyohitajika, nikamlowesha na nguo.

Na kwa kuwa wewe unapenda promosio, nikupe na mwisho wake. Wageni walipoondoka, Mama Mkubwa alirudi depo. Bei ya ile katoni ilikuwa imeshuka tena, kwa kuwa habari zake zilishaenea mjini. Akainunua yote, akaificha chini ya kitanda, akala peke yake taratibu, hakumpa hata Kalume. Mzee Saidi alimtania kwa hiyo maisha yake yote. Kila alipokuja kututembelea aliuliza kwanza mlangoni kama katoni imekwisha.

Unaona, mwanangu, kopo lilikuwa lile lile. Chini ya kitanda cha Mama Mkubwa lilikuwa faida. Katika sahani ya Mzee Saidi lingekuwa hasara ambayo nisingeimaliza kuilipa. Kwa hiyo nenda kwenye duka lako, pekua rafu ile ya karibu na mlango wanakoweka vitu vya kumaliza, soma tarehe, bonyeza makopo, ngoja saa ambayo muuzaji anawaza nyumbani. Usione haya, bei nafuu si aibu ya mtu. Lakini kabla hujalipa, mlete mlaji mbele ya macho yako. Kama ni mama mwenye sukari mwilini, je, soda hizo za rahisi ni zake? Kama ni mgeni mwenye dini yake, atakula kwa amani? Kama ni mtoto, ungemfungulia kopo hilo mchana kweupe, ukionja wewe kwanza? Na likikupitia wazo la kwamba hatajua, rudisha kitu hicho rafuni, hata kama kinatolewa bure.

Nyanya yako Zaina anakuita, ugali uko tayari. Leo mchuzi ni wa samaki, na nimewanunua jioni, jua likishuka. Mungu akupe mfuko usiokauka na jicho lisilodanganywa. Akupe nyumba ambayo kila anayeingia hunawa mikono bila kuuliza. Sasa lete beseni, unimwagie maji.