Vifaranga wa Doa Jeupe

Harufu ya pumba zilizoroweshwa, ikichanganyika na joto la vifaranga waliototolewa punde, ndiyo ninayoikumbuka zaidi katika nyumba yetu ya Mbweni, miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana mdogo. Mama alifuga kuku majike wenye mistari myeusi na myeupe, naye baba akamletea jogoo mwekundu wa kizungu. Vifaranga wao walitoka weusi wote, ila baadhi walikuwa na doa jeupe utosini. Mama, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito, alinikalisha chini akanionesha. "Mwenye doa ni jogoo. Mweusi mtupu ni mtetea. Mistari ya mama huwafuata wanawe wa kiume tu." Nilidhani ananitania, mpaka walipokua. Wenye doa waliota mistari wakaanza kuwika. Wenzao wakabaki weusi, wakataga.

Siku walipototolewa vifaranga wengine, mama alishikwa na uchungu. Bibi, mzaa baba, akaniambia niende bandani nikawatenge. Nikawatenga, wa doa kikapu hiki, weusi kikapu kile, huku wanawake wakiingia na kutoka na maji ya moto. Kisha nyumba ikanyamaza. Baba alitoka amebeba kitu kidogo kilichofungwa kitambaa cheupe, akapita karibu yangu bila kunitazama. Bibi akaja kusimama mlangoni mwa banda.

"Mdogo wako hatunaye. Katoka keshakufa."

"Alikuwa mwanamume au mwanamke?"

"Hayo hayaulizwi. Kawape maji kuku."

Nikawapa maji. Sikulia. Nilimwinua kifaranga mmoja, nikamtazama utosini, nikamrudisha kikapuni mwake. Mama alipotoka nje baada ya arubaini, aliniuliza kama niliwatenga vizuri. Nikamwambia, "Naam." Habari za mtoto hatukuzizungumza, siku ile wala baadaye, mpaka nilipomzika.

Mwaka jana mjukuu wangu alifikwa na msiba kama ule. Yeye alimpakata mwanawe, akampa jina, akalia mbele yetu sote, na mumewe akalia naye, wala hakuna aliyewanyamazisha. Sisi zamani tulipewa kazi ya kufanya. Nilikaa kitandani pake nikimkanda miguu, nikilisikia jina la kitukuu changu likitajwa tena na tena, macho yangu makavu.

"Bibi, mbona hulii?" akaniuliza.

"Sikuzoea, mjukuu wangu," nikamjibu, nikaendelea kumkanda.